Kuunda na Kupaka Rangi Modeli ya Ndege ya Plastiki: Mwongozo Kamili kwa Spitfire ya Skeli ya 1:48

Rangi haifichi kosa la modeli, inalitangaza. Mshono usioonekana kwenye plastiki tupu ya kijivu hujitokeza wazi mara tu unapopuliza tabaka la kwanza, na alama ya kidole iliyoyeyushwa na gundi hubaki hapo hata ukiipaka rangi mara tano. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu inahusu kazi za kabla ya kufungua kopo la rangi. Anayeruka hatua hizo huishia kulaumu rangi au brashi, wakati tatizo liko chini yake.

Mfano wetu ni Supermarine Spitfire Mk. I ya mwaka 1940, ndege ya kivita ya Uingereza. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 11.23 na urefu wa mita 9.12, kwa hiyo katika skeli ya 1:48 unapata modeli ya upana wa sentimita 23.4 na urefu wa sentimita 19. Tamiya, Airfix na Eduard wote wana seti ya aina hii. Ni ndege nzuri ya kujifunzia: injini moja, bawa moja kila upande, na rangi tatu tu za nje. Skeli ya 1:72 huchukua nafasi ndogo zaidi mezani, lakini vipande vyake ni vidogo mno kwa mikono isiyozoea. Anayeanza atafurahia zaidi 1:48.

Vifaa

Unahitaji koleo ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu chembamba chenye wembe unaobadilishwa, kibano cha ncha kali, na msasa namba 400, 600, 1000 na 2000. Ongeza tepu ya kufunikia rangi ya milimita 6 na ya milimita 10, puti ya modeli, vibanio vya nguo, vijiti vya pamba na vijiti vya kuchokolea meno. Gundi ziwe tatu: gundi nyembamba ya plastiki yenye brashi kwenye kifuniko, supaglu, na gundi nyeupe ya mbao. Usibane matumizi kwenye wembe. Wembe butu hauvutiki vizuri, unakufanya ukandamize, na ukikandamiza ndipo unapokata kidole au kukwangua kioo cha rubani.

Eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) na kompresa ya kuipa hewa si lazima kwa modeli ya kwanza. Tutaeleza njia zote mbili, ya brashi ya kawaida na ya kupuliza.

Kukata na kusafisha

Osha fremu za vipande (vijiti vya plastiki vinavyovishikilia) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kisha ziache zikauke zenyewe. Kiwandani hupakwa mafuta ili plastiki itoke kirahisi kwenye umbo, na mabaki yake huzuia rangi kushika. Maji yasiwe ya moto, kwani polistairini, plastiki ya seti hizi, hupinda ikiwa nyembamba.

Kila kipande kikate mara mbili. Mkato wa kwanza uwe umbali wa milimita 2 hivi kutoka kwenye kipande, wa pili uwe karibu, lakini ubakize kishina kidogo cha kumalizia kwa kisu na msasa 600. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki huvutwa na kuacha doa jeupe au shimo ambalo utalazimika kulijaza. Kisha tafuta mstari mwembamba unaozunguka vipande vya duara kama magurudumu na miguu ya kutulia. Ni mahali nusu mbili za umbo la kiwandani zilipokutana. Ukwangue kwa makali ya kisu kilichosimama wima, usiukate. Usikate vipande vyote kwa pamoja, maana namba zimeandikwa kwenye fremu.

Gundi inavyofanya kazi

Gundi ya plastiki haibandiki kama gamu. Inayeyusha nyuso mbili za polistairini, zikachanganyika, na kiyeyushi kikishatoka hewani unabaki na kipande kimoja. Mambo matatu yanatokana na hilo. Kwanza, haishiki mahali penye rangi, kwa hiyo kwangua rangi kwenye kila uso unaoungwa. Pili, haina kazi kwenye chuma, shaba au resini. Huko ni kazi ya supaglu. Tatu, hukauka polepole kuliko inavyoonekana. Mshono unaoshika baada ya dakika 10 bado ni laini ndani, na ukiupiga msasa siku hiyohiyo utakuja kudidimia baada ya rangi kukauka. Subiri saa 24.

Namna ya kuitumia: kutanisha vipande vikiwa vikavu, kisha gusisha ncha ya brashi kwenye ufa. Gundi itajivuta yenyewe ndani. Vidole vikae mbali na ufa, kwa sababu gundi hukimbilia chini ya kidole na kuchora alama zake kwenye plastiki iliyolainika. Ikitokea, usifute. Ukifuta unatandaza uharibifu. Iache hadi kesho yake, kisha msasa 600 utaiondoa.

Chumba cha rubani

Hiki hupakwa rangi kabla ya kufunga kiwiliwili. Ndege za Uingereza za wakati huo zilikuwa na kijani chenye ukijivu ndani. Watengenezaji wengi wa rangi huiuza kwa jina la rangi ya ndani ya RAF, jeshi la anga la Uingereza. Paka tabaka mbili nyembamba, acha zikauke, kisha pitisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, iliyozimuliwa sana, ili iingie kwenye pembe. Mwisho chukua brashi yenye rangi ya kijani iliyopaushwa, ifute kwenye karatasi hadi ibaki karibu kavu, uisugue juu ya nundu na kingo. Kivuli chini, mwanga juu. Mikanda ya kiti huonekana kuliko kitu kingine chochote humo ndani, kwa hiyo ukiwa na muda mchache, utumie kwenye mikanda na dashibodi. Sakafu haitaonekana tena kamwe.

Kabla ya kutia gundi, bana nusu mbili za kiwiliwili na chumba kikiwa ndani. Zisipokutana bila kulazimishwa, pana mahali panagusa. Mara nyingi ni ukuta wa nyuma ya kiti au ukingo wa dashibodi. Punguza kwa msasa kidogokidogo, jaribu tena. Tabaka la rangi peke yake linaweza kutosha kuzuia kiwiliwili kufunga.

Kiwiliwili na mabawa

Usitie gundi kiwiliwili kizima kwa mkupuo. Anza mkiani, linganisha sentimita 3 hivi, tia gundi, hesabu hadi 20, kisha bana kwa nguvu kiasi hadi ushanga mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka uchomoze kwenye mshono. Ushanga huo ni puti ya bure. Ukikauka na kupigwa msasa, mshono hupotea bila kujazwa kitu. Endelea hivyo mpaka pua, kisha funga kwa tepu usiku kucha.

Bawa la Spitfire lina mwinamo wa juu wa takriban nyuzi 6 kila upande, na kosa la kawaida ni kuliacha likae bapa. Jaribu bila gundi. Ukiona mwanya kwenye shina la bawa, vuta tepu kutoka ncha moja ya bawa, juu ya kiwiliwili, hadi ncha nyingine. Tepu hiyo inainua mabawa na kuziba mwanya kwa wakati mmoja. Kama mwanya bado uko pale, kiwiliwili ni chembamba mno kwenye shina. Kata kipande cha fremu kirefu kidogo kuliko upana wa ndani, kitie katikati kama mhimili wa kukitanua. Dawa hii ni bora kuliko puti, kwa kuwa kona ile ni ngumu kupiga msasa bila kuharibu umbo lake la mviringo.

Baada ya mabawa, unga mkia. Simama mbele ya modeli, funga jicho moja, utazame kama mkia wa ulalo uko sambamba na mabawa na kama ule wa wima umesimama. Una dakika chache za kusahihisha kabla gundi haijashika.

Mishono

Hapa ndipo modeli inapofanikiwa au kuharibika.

Piga msasa 400 pale tu palipo na ngazi kati ya nusu mbili, kisha 600, kisha 1000 kwa maji. Kunja msasa juu ya kipande cha sponji ili ufuate mviringo wa kiwiliwili, kwa kuwa kidole kitupu huchimba bonde. Nyufa nyembamba zijaze kwa supaglu: idondoshe kwa ncha ya kijiti, isubiri igande, na uipige msasa ndani ya saa moja. Ukichelewa hadi kesho yake itakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni, na msasa utakula plastiki ukiiacha supaglu ikisimama kama tuta. Nyufa pana zaidi zijaze kwa puti, ukikumbuka kuwa puti hunywea inapokauka. Weka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Kwenye shina la bawa tumia puti inayoyeyuka kwa maji: jaza, kisha futa ziada kwa kijiti cha pamba kilicholowa. Hakuna msasa unaohitajika.

Kazi hii hufuta baadhi ya mistari ya mabamba na ribiti. Irudishe kabla ya praima, yaani rangi ya msingi. Bandika tepu nene kama rula, pitisha sindano iliyobanwa kwenye mpini mara nne au tano bila kukandamiza. Mpitisho wa kwanza ukiwa mwepesi, sindano haitoroki.

Hakiki kwa ukucha, si kwa macho. Ukucha ukikwama popote, rangi nayo itakwama.

Kioo cha rubani

Vipande vya kioo visikaribie supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Tumbukiza kioo kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa, kitoe, gusisha ukingo kwenye karatasi inyonye ziada, kisha kifunike kwa kikombe kisipate vumbi kwa saa 24. Kitang'aa zaidi na kitakuwa na kinga. Kiunge kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo pia huziba nyufa ndogo na hufutika kwa maji.

Kufunika vioo: bandika tepu juu ya dirisha, ikandamize kwenye kingo za fremu kwa kijiti cha meno hadi mstari uonekane, kata kwa wembe mpya. Rangi ya kwanza kwenye fremu iwe ile ya ndani, ndipo ya nje ifuate. Ukitazama kupitia kioo utaona kijani cha ndani, kama inavyotakiwa.

Rangi: aina zake na mpangilio wake

Kuna familia tatu. Lakera, kama Mr. Color, ina kiyeyushi kikali na hukauka haraka. Akriliki ni za maji au za alkoholi. Enameli, kama za Humbrol, hukauka polepole na huzimuliwa kwa thina ya mafuta. Kanuni ya kuzipanga ni kwamba kali hukaa chini ya laini: lakera kwanza, kisha akriliki, na mafuta juu. Ukipuliza lakera juu ya enameli ambayo bado ni changa, itaila na kuikunja.

Akriliki zenyewe hazifanani. Za Tamiya huzimuliwa vizuri kwa alkoholi, lakini ukiweka alkoholi hiyo kwenye Vallejo rangi inaganda na kuwa utelezi ndani ya eabrashi. Thina ya kampuni ileile ndiyo salama.

Anza na praima ya kijivu, tabaka mbili nyepesi. Kazi yake ya kwanza ni kushikilia rangi, ya pili ni kukuonyesha mishono uliyodhani umeimaliza. Irekebishe sasa, rudia praima hapo tu, kisha pitisha msasa 2000 kwa wepesi kuondoa chembechembe.

Kwa eabrashi yenye mdomo wa milimita 0.3, shinikizo la psi 15 hadi 20, yaani takriban bar 1 hadi 1.4, linatosha. Zimua akriliki kwa sehemu moja ya rangi na moja ya thina, na lakera kwa sehemu moja ya rangi na mbili za thina, hadi iteremke ukutani mwa kikombe kama maziwa. Shika umbali wa sentimita 5 hadi 10. Fungua hewa kwanza, anza kusogea, ndipo uachie rangi. Funga rangi kabla ya kusimama. Kila kasoro ina chanzo chake. Uso ukitoka na chembechembe kama vumbi, rangi inakauka ikiwa bado hewani: sogea karibu au ongeza thina. Rangi ikitawanyika na kuchora miguu ya buibui, ni nyepesi mno au shinikizo ni kubwa. Ikitema matone, ncha ya sindano imeganda rangi. Futa kwa kijiti cha pamba chenye thina. Fanya kazi penye hewa inayopita, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya karatasi haizuii mvuke wa lakera.

Kwa brashi, tumia bapa ya milimita 10 yenye nywele laini. Tabaka la kwanza litaonekana baya, na ndivyo linavyopaswa kuwa. Paka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikikatiza iliyotangulia, na usirudi juu ya mahali palipoanza kukauka. Kurudi huko ndiko kunakoacha michirizi.

Spitfire ya majira ya joto ya 1940 ilikuwa na tumbo la rangi iitwayo Sky, kijani hafifu mno, na mgongo wa kahawia ya udongo uliokatizwa na kijani kilichokolea. Paka nyepesi kwanza: Sky, kisha kahawia, kijani mwisho. Funika tumbo kwa tepu baada ya saa 24. Kabla ya kubandika, gusisha tepu kiganjani mara mbili ipunguze nguvu.

Mpaka wa kahawia na kijani ndio unaowasumbua wengi. Kwenye ndege halisi ukungu wa sentimita 2.5 ungekuwa nusu milimita tu kwenye modeli, kwa hiyo mpaka laini unaopulizwa bila kufunika huwa mpana kupita kiasi na kuifanya modeli ionekane kama kichezeo. Sokota udongo wa kubandikia karatasi uwe kamba ya milimita 3, ulaze kwenye mpaka, jaza upande wa kahawia kwa tepu, kisha puliza kijani ukisimama wima juu ya uso. Ukipuliza kwa mshazari, rangi huingia chini ya kamba upande mmoja. Kwa brashi, chora mpaka kwa penseli na ujaze ndani. Ondoa tepu taratibu ukiikunja kuelekea nyuma juu yake yenyewe.

Majani ya propela ni meusi yenye ncha za njano. Paka njano kwanza, funika ncha, kisha nyeusi.

Dekali

Rangi isiyong'aa ina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Dekali, yaani alama nyembamba zinazohamishwa kwa maji, ikikaa juu yake, hewa hunaswa chini na kutoa mng'ao wa fedha ambao hakuna dawa nzuri ya kuuondoa. Kwa hiyo puliza vanishi inayong'aa, tabaka mbili, uiache siku nzima.

Loweka dekali kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 15 hivi, itoe, iache juu ya karatasi dakika moja hadi itelezeke yenyewe. Telezesha moja kwa moja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye modeli iliyoloweshwa. Sogeza mahali pake, nyonya maji kwa kijiti cha pamba kuanzia katikati kwenda nje, kisha paka dawa ya kulainisha dekali. Itajikunja na kutisha. Usiiguse. Ikikauka itakuwa imezama kwenye mistari ya mabamba. Viputo vilivyobaki toboa kwa sindano, weka dawa tena. Siku ya pili futa modeli kwa kitambaa kibichi kuondoa mabaki ya gundi, ambayo hugeuka madoa ya kahawia, na ufunge kwa tabaka jingine la vanishi.

Mistari na uchakavu

Changanya rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea na thina ya mafuta hadi iwe maji machafu. Gusisha brashi kwenye mistari, mchanganyiko utakimbia wenyewe. Baada ya dakika 30 futa kwa kitambaa kikavu kufuata uelekeo wa upepo: kutoka mbele kwenda nyuma ya bawa, kutoka juu kwenda chini ya kiwiliwili. Vanishi iliyo chini iwe akriliki au lakera. Ikiwa ni enameli, thina itaiyeyusha.

Kwenye uchakavu, ujizuie. Ndege hizi hazikuishi muda mrefu kiasi cha kubambuka kila mahali. Michubuko ya fedha iwe pale rubani anapokanyaga kwenye shina la bawa na kwenye vifuniko vya injini, igongwe kwa kipande cha sponji kilichokaushwa. Moshi wa injini uwe mchirizi wa kahawia-kijivu kutoka kwenye mabomba kuelekea shina la bawa. Ukibandika vile viraka vyekundu vya kitambaa vilivyoziba midomo ya bunduki nane, usipake masizi ya risasi chini ya mabawa. Viraka vizima maana yake bunduki hazijapigwa.

Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho. Tikisa chupa dakika mbili kamili, kwani unga unaoua mng'ao hukaa chini, na ukiupuliza bila kuchanganyika hutoka kama vumbi jeupe. Weupe kama huo huja pia siku yenye unyevunyevu mwingi ukitumia lakera. Subiri hali ikauke, puliza tabaka jepesi la thina au vanishi inayong'aa, kisha rudia isiyong'aa.

Vipande vya mwisho

Karatasi ya maelekezo itakuambia uunge miguu, mlingoti wa antena na bomba la kupimia kasi mapema. Usiitii. Vitavunjika mara kadhaa kabla ya dekali. Viunge sasa, kwa gundi kidogo mno, ukiangalia kutoka mbele kwamba miguu miwili imetanuka sawa. Spitfire hulalia gurudumu la mkia, hivyo haihitaji uzito. Ndege zenye gurudumu la pua, kama P-39 au Me 262, huhitaji risasi ya kuvulia samaki ndani ya pua, na lazima iwekwe kabla ya kufunga kiwiliwili.

Toa tepu za kioo. Waya wa antena unatoka kwenye mlingoti hadi juu ya usukani wa mkia. Shika kipande cha fremu juu ya mshumaa, kizungushe hadi katikati ilainike na kung'aa, kitoe kwenye moto, subiri sekunde moja, kisha vuta mikono kwa mwendo mmoja. Ukivuta haraka utapata uzi mwembamba zaidi. Unge upande wa mlingoti kwa tone la supaglu, subiri ushike, kisha wa mkia. Ukilegea, sogeza karibu yake kiberiti kilichozimwa muda huohuo, bila kuugusa, nao utajikaza.